Barua kwa Mwanangu: Kiwanja cha Kando ya Reli

Mwanangu mpendwa,

Salamu za hapa nyumbani dada yako amekwisha kukufikishia. Umeniuliza kama ununue kile kiwanja kilicho kando ya njia ya reli inayopangwa kujengwa kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, kabla bei haijapanda. Mimi nimekulia kando ya reli, nami nakuambia kwamba mji haujengwi na reli, hujengwa na mzigo.

Reli yetu ya Kusini ililetwa na karanga. Waingereza walianza mradi wao wa kulima karanga mwaka 1947, wakafyeka mapori ya Nachingwea na kutandika njia, kwanza kutoka Mkwaya karibu na Lindi, kisha kutoka Mtwara. Lakini mradi ulivunjwa mwaka 1951, na bandari ya Mtwara ikafunguliwa mwaka 1954, wakati karanga zenyewe hazipo tena. Hata hivyo kambi yetu ya wafanyakazi wa reli ilistawi. Babu yako alikuwa mnyapara wa genge la kutunza njia, bibi yako akiwauzia abiria mihogo na samaki wa kukaanga, na maji ya kunywa tuliletewa na treni.

Mwaka 1962 reli ilifungwa. Ningeweza kuyasahau hayo, lakini babu yako na genge lake, walioishindilia njia ile kokoto miaka yote, ndio waliokabidhiwa spana waing'oe. Walifungua boliti, wakapakia reli na mataruma kwenye mabehewa, na kila walipomaliza kipande treni ilirudi nyuma kuelekea pwani. Babu yako hakusema neno jioni zile. Maji yalipokoma watu wakahama, na mwaka uliofuata pori lilikwisha kurudi.

Hapo ndipo ninapobishana na nafsi yangu, maana mikorosho ilikuwa imekwisha kupandwa, na msimu wa 1973/74 nchi ilivuna korosho zipatazo tani 145,000, nyingi zikitoka kwetu Kusini, nazo zikabebwa kwa malori. Pengine wangesubiri. Lakini hasara ya miaka yote hiyo angeilipa nani? Narudi palepale: mzigo kwanza. Safari hii wanataja makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, na huo ni mzigo kweli, ukichimbwa.

Ulimi unaniwasha nikupe neno la mwisho, ila fedha ni zako na wanao ni wako, basi nauzuia. Kabla hujalipa, nenda mwenyewe ukaulize watu wa pale wanachota maji wapi siku ambazo hakuna gari wala treni inayopita.

Mama yako