Bili ya kapo nne mkitoka usiku mjini

Umeuliza mtagawanaje bili mkitoka kapo nne bila mtu kununa. Ongeeni kabla ya kutoka, ndugu yangu. Tajeni kiwango anachokimudu mwenye hela kidogo kuliko wote, kisha chagueni sehemu kwa kiwango hicho. Watu wanane ni wengi, wekeni nafasi mapema, na mwambieni mhudumu mwanzoni kabisa kwamba kila kapo ina bili yake. Akishajumlisha zote, kuzitenganisha ni shughuli. Asiyekunywa pombe asimlipie anayekunywa, hilo mimi nalishikilia sana.

Na mwenye gari? Kahawa haipunguzi pombe iliyo kwenye damu, inamchangamsha tu. Akinywa pombe, rudini na teksi.