Maswali ya Wasomaji: Mawakili Waliobobea Mahakamani Wanatufundisha Nini?

SWALI: Shikamoo Wakili. Mimi ni kijana wa Nachingwea, nimehitimu shahada ya sheria na ninajiandaa kujiunga na Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo. Kila nipatapo nafasi huenda Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara kusikiliza kesi. Jambo moja linanishangaza: mawakili wakongwe huuliza maswali machache kisha hukaa, ilhali chuoni tuliamini kwamba wakili hodari ni mwenye maneno mengi. Mimi ni mpole kwa asili, na rafiki zangu wananishauri nitafute kazi ya kuandaa mikataba ofisini. Je, mtu mkimya anaweza kuwa wakili wa mahakamani, na hao waliofanikiwa walijifunza nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usikimbilie ofisini kwa sababu hiyo. Mawakili wote ninaowaheshimu katika kazi hii, wa hapa Kusini na wa kwingineko, walikuwa wasikilizaji kabla ya kuwa wasemaji.

Unajua utaratibu: shahidi akishaapa huongozwa kwanza na upande uliomwita, kisha upande wa pili humuuliza maswali ya dodoso, na mwisho yule aliyemwita hurudi na maswali ya kusawazisha. Wakili anayeanza huyatamani sana maswali ya dodoso, kwa kuwa hapo anaruhusiwa kuuliza maswali ya kuongoza, yaani yanayodokeza jibu lake, na anaona ndipo atakapoonekana. Huja na orodha ndefu aliyoiandika usiku, akaisoma tangu mwanzo hadi mwisho bila kuinua macho. Katikati ya orodha hiyo shahidi hutamka jambo ambalo lingeweza kuimaliza kesi, likapita hivi hivi, kwa sababu aliyepaswa kulidaka alikuwa anatafuta swali linalofuata.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Afrika Kusini. Steve Biko, mwanaharakati aliyepinga ubaguzi wa rangi, alifariki akiwa mikononi mwa polisi mwezi Septemba 1977, na katika uchunguzi wa kifo chake uliofanyika Pretoria mwishoni mwa mwaka huo, familia yake iliwakilishwa na Sydney Kentridge, akisaidiana na George Bizos. Mkuu wa polisi wa usalama wa Port Elizabeth, Kanali Goosen, alieleza kwamba marehemu alifungwa minyororo. Kentridge hakupandisha sauti wala hakumtukana. Alimuuliza ni sheria ipi iliyompa mamlaka ya kumfunga mtu minyororo kwa saa 48. Kanali akajibu kwamba anayo mamlaka hayo. Kentridge akataka aonyeshwe yameandikwa wapi, na hatimaye afisa yule akasema kwamba wao hawafanyi kazi kwa kufuata sheria zilizotungwa. Kentridge akamshukuru, akaongeza kwamba hilo ndilo walilolishuku siku zote. Hotuba ya saa nzima isingeweza kusema zaidi ya jibu lile, na jibu lenyewe lilipatikana kwa sababu muulizaji aliling'ang'ania jambo moja hadi likafika mwisho.

Lakini usidhani kwamba maswali machache ni kazi chache. Nakumbuka shauri la mpaka wa shamba la mikorosho huko Newala, ambamo wakili mmoja mkongwe alikwenda shambani siku kadhaa kabla ya shauri kusikilizwa. Alitembea mkorosho hadi mkorosho, akafuata mstari wa minyaa, akasimama kwenye baraza ya nyumba ya shahidi wa upande wa pili na kuangalia kule mpaka ulikodaiwa kuwa. Kati ya baraza ile na mpaka palikuwa na bonde, na upande wa pili wa bonde haukuonekana. Siku ya ushahidi, shahidi akaeleza kwamba akiwa ameketi barazani aliona kwa macho yake minyaa ikipandwa. Wakili akamuuliza kama aliinuka, akasema hapana. Akamuuliza kama alikuwa na mtu mwingine shambani aliyemsimulia, akasema hapana. Akakaa. Baadaye akaliomba Baraza la Ardhi na Nyumba litembelee eneo lenye mgogoro, na wajumbe wote walipofika barazani pale, bonde lenyewe lilitoa ushahidi uliobaki. Waliokuwepo walisifu akili yake. Mimi nilisifu miguu yake.

Ndivyo ilivyo pia katika kesi za jinai zinazotegemea utambuzi wa usiku. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1980 katika shauri la mtu aliyeitwa Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, mahakama inataka kujua shahidi alimwona mtu huyo kwa muda gani, kutoka umbali gani, kwa mwanga wa namna gani, na kama alimfahamu kabla. Wakili mwenye pupa husema kwa sauti kubwa kwamba shahidi ni mwongo. Aliyebobea huuliza taa ilikuwa wapi, ilikuwa ya chemli au ya umeme, na ilimulika upande gani. Tena huuliza kwa adabu, kwa maana shahidi anayetambua watu gizani mara nyingi hasemi uongo, bali amekosea huku akiamini anachosema. Kumtendea kama mwongo ni kumwonea, na jaji huliona hilo upesi. Upole wako, mwanangu, utakufaa sana hapo.

SWALI: Shikamoo Baba. Mimi ni wakili niliyeapishwa si muda mrefu, ninafanya kazi Masasi. Nimeshindwa kesi ambayo niliamini tungeishinda, na sasa ndugu za mteja wangu wanasema sokoni kwamba nilinunuliwa. Ninaumia, na wakati mwingine ninawaza kuacha. Wakongwe walivumiliaje?

JIBU: Marahaba, binti yangu, na pole sana. Maneno ya sokoni yanauma zaidi katika miji yetu midogo, ambako unayemwakilisha leo utakutana naye kesho msibani.

Tazama lakini wale tunaowataja kwa heshima. Wakili D. N. Pritt alitoka Uingereza kumtetea Jomo Kenyatta na wenzake huko Kapenguria, katika kesi iliyoanza mwaka 1952, na walitiwa hatiani mwaka 1953. Mwaka 1958 alikuja Dar es Salaam kumtetea Mwalimu Nyerere katika kesi ya kuwakashifu wakuu wa wilaya wa kikoloni, akishirikiana na mawakili wa hapa nchini, K. L. Jhaveri na M. N. Rattansey. Mwalimu alitiwa hatiani, akatakiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kwenda jela miezi sita, na faini ikalipwa. Hata uchunguzi wa kifo cha Biko, pamoja na umahiri wote wa Kentridge, ulimalizika kwa hakimu kusema kwamba hakuna wa kulaumiwa. Wote hao walishindwa siku ya uamuzi. Hata hivyo yale waliyoyauliza na kuyajibiwa yaliandikwa katika mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu rasmi ya yaliyosemwa mahakamani, na yanasomwa hadi leo.

Mwenendo huo ndio nataka uutunze kuliko sifa yako. Kielelezo kikipokewa isivyostahili, simama upinge, na hakikisha pingamizi lako limeandikwa. Mahakama ya Rufani ilishaeleza mwaka 2003, katika shauri la Robinson Mwanjisi na wenzake, kwamba hati ikishapokewa kuwa kielelezo inapaswa kusomwa mahakamani ili mshtakiwa ajue kilichomo. Ni watu wengi ambao maelezo yao ya onyo, yale waliyoyatoa polisi baada ya kuonywa, yameondolewa katika ushahidi kwenye rufaa kwa sababu hayakusomwa. Wakili aliyeshindwa lakini akaacha mwenendo safi amemwachia mteja wake mlango wa rufaa, na huo ni utumishi mkubwa hata kama hakuna atakayekupigia makofi.

Kuhusu ndugu za mteja, waite ofisini pamoja na mteja mwenyewe, uwasomee hukumu aya kwa aya kwa lugha wanayoielewa, uwaonyeshe ni hoja ipi iliyowaangusha na muda wa kukata rufaa ni upi. Kwa kesi zijazo, mweleze mteja udhaifu wa kesi yake tangu siku ya kwanza, tena umwandikie. Naona mawakili wengi wanaoogopa kumpoteza mteja kwa ukweli wa mapema, kisha wanapoteza heshima yake kwa ukweli uliochelewa. Usiache kazi, binti yangu. Masasi inakuhitaji.

SWALI: Mheshimiwa Wakili, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, Mikindani. Kiingereza changu si kizuri. Je, ndoto ya uwakili niisahau?

JIBU: Usiisahau. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu, isipokuwa pale sheria inaporuhusu Kiingereza kwa sababu maalumu. Jifunze Kiingereza hata hivyo, kwa kuwa hukumu nyingi za miaka iliyopita zimeandikwa kwa lugha hiyo na utalazimika kuzisoma. Nyingi zinapatikana bure katika TanzLII, tovuti inayochapisha hukumu na sheria za Tanzania.

Na kama unazungumza Kimakonde au Kimwera nyumbani, kitunze. Mzee asiyekimudu Kiswahili hutoa ushahidi kupitia mkalimani, na wakati mwingine anatoa maelezo marefu huku mkalimani akirudisha sentensi moja. Wakili anayeielewa lugha ya shahidi anaweza kusimama hapo hapo na kuomba tafsiri ikamilishwe kabla jaji hajaandika. Wakati wa likizo nenda masjala ya mahakama, uliza orodha ya mashauri ya wiki, na uchague yale yanayosikilizwa hadharani. Keti nyuma na daftari, andika majibu ya mashahidi kwanza, maswali ya mawakili baadaye.