Jumla ya SACCOS imegeuka hasi: je, kosa ni la 2,147,483,647?

SWALI: Natunza programu ya SACCOS yetu, imeandikwa kwa Java. Jumla ya miamala ilipofika shilingi 2,150,000,000, kompyuta ilionyesha −2,144,967,296. Fundi mmoja akaniambia kisababishi ni namba 2,147,483,647, "kwa sababu ni namba tasa." Ni kweli?

JIBU: Namba amekutajia sawasawa, sababu siyo. Chukua hiyo hasi yako uijumlishe na 4,294,967,296: unarudi kwenye 2,150,000,000 kamili, hakuna shilingi iliyopotea. Hiyo 4,294,967,296 ni mbili kwa kipeo cha 32. Aina ya `int`, ambayo Java hutumia kuhifadhi namba nzima, ina biti 32, na nusu ya nafasi zake zimetengewa namba hasi, hivyo upande wa chanya unaishia kwenye 2,147,483,647, yaani mbili kwa kipeo cha 31, toa moja. Ukiongeza moja tu juu yake, Java inaangukia −2,147,483,648 bila kukuonya. Badilisha `int` iwe `long`, yenye biti 64, na safu ya jumla kwenye hifadhidata iwe BIGINT, ambayo nayo ina biti 64, kisha ukokotoe jumla upya kutoka kwenye miamala.

Utasa ni habari nyingine, na mimi ndiyo inayonifurahisha zaidi. Kikomo cha `long` ni 9,223,372,036,854,775,807, nacho kinagawanyika kwa 7 bila baki. Si tasa, lakini ni kikomo vilevile.

Ila 2,147,483,647 ni tasa kweli. Mwanahisabati Leonhard Euler alilithibitisha hilo kufikia mwaka 1772, bila kompyuta. Kipeuo chake cha pili hakifiki 46,341, kwa hiyo kama ingekuwa na vigawo, kimojawapo kingepatikana chini ya hapo. Euler hakujaribu kila namba. Alijua kwamba kigawo tasa cha namba hii, ukikigawa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Basi 3, 7, 11 na wenzao wanaondoka bila hata kuguswa. Namba tasa ya kwanza inayopita kwenye chujio hilo ni 311. Jaribu mwenyewe kwa kalamu, utabaki na 35. Kwa njia hiyo majaribio hayazidi 372. Ni kazi ya siku chache kwa mtu mwenye subira, na kwa miongo kadhaa baadaye ilibaki kuwa namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana.

Ukiwa bado umeifungua programu, angalia na tarehe. Mifumo mingi ya zamani huhesabu sekunde tangu Januari 1, 1970 kwa biti hizohizo 32. Sekunde ya 2,147,483,647 itaangukia Jumanne, Januari 19, 2038, kwa saa zetu ni saa 12 na dakika 14 asubuhi. Mikopo ya nyumba ya miaka 15 inayotolewa leo inavuka siku hiyo.