Modeli ya DeLorean ya skeli 1:10: picha zinazogongana na alumini iliyofura

SWALI

Fundi, habari ya kazi? Niko hapa Kisumu, najenga modeli ya DeLorean, lile gari la kusafiri kupitia wakati kwenye filamu ya Back to the Future, kwa skeli ya 1:10. Bodi nimeiunda kwa ubao wa plastiki ya PVC wa mafundi wa mabango, unene wa milimita 3. Nina shida mbili. Nikipima kutoka kwenye picha, kila picha inanipa namba zake, na vile vyombo vya mgongoni vimetoka vidogo ukivilinganisha na gari. Halafu nilifunika bodi nzima kwa bamba la alumini nililopata kwa wachapaji, nikalibandika kwa gundi ya fundi viatu. Nilipoianika juani, ilifura mahali pengi. Nibomoe nianze upya?

JIBU

Usibomoe, ndugu yangu. Ubao ulio chini unaokoleka, na sehemu kubwa ya hiyo alumini utaitumia tena.

Tuanze na vipimo. DeLorean si chombo cha kubuni. Ni gari la kweli, DMC-12, lililoundwa Dunmurry, Ireland Kaskazini, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na vipimo vyake vya kiwandani vinajulikana. Kwa hiyo usiiulize picha gari lina urefu gani. Kazi ya picha ni kukuonyesha vitu ambavyo watu wa filamu waliongeza juu ya gari.

Gari lina urefu wa milimita 4,267, upana 1,988 na kimo 1,140 milango ikiwa imefungwa. Kutoka katikati ya ekseli ya mbele hadi katikati ya ekseli ya nyuma ni milimita 2,413. Kwenye skeli yako hizo ni 426.7, 198.8, 114 na 241.3. Chukua kalipa au rula ya chuma upime modeli yako sasa hivi, ukianza na hiyo ya ekseli. Ikiwa iko ndani ya nusu milimita, msingi wako ni mzima na kilichobaki ni marekebisho ya juu.

Kisha angalia matairi, maana hapa wengi hukosea bila kujua. Matairi ya mbele ni 195/60 ya ringi 14, ya nyuma ni 235/60 ya ringi 15: namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu wa tairi kwa asilimia ya upana huo, na ringi ni kwa inchi. Ukipiga hesabu, la mbele lina kipenyo cha milimita 590 na la nyuma 663. Kwako ni 59 na 66.3, na upana wake ni 19.5 kwa 23.5. Ukitoa magurudumu manne yanayolingana kwenye gari moja la kuchezea la mitumba pale soko la Kibuye, mgongo wa modeli utakaa chini na gari litaonekana limechoka, hata kama bodi umeikata sawasawa. Tafuta jozi mbili tofauti. Usipopata, chukua jozi ndogo, kisha jozi ya nyuma uiongezee unene kwa kuizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, uipige msasa hadi ifike kipenyo.

Sasa picha. Zinagongana kwa sababu kitu kilicho mbali na kamera huonekana kidogo kuliko kilicho karibu, na vyombo vya mgongoni viko katikati ya gari, ilhali wewe unapima ukitumia magurudumu ya upande ulio karibu nawe. Tuseme kwenye picha ya ubavuni umbali wa ekseli ni pikseli 1,206. Gawanya kwa 241.3, unapata pikseli 5 kwa kila milimita ya modeli. Ukikuta chombo cha mgongoni kina pikseli 340, utaandika milimita 68. Hiyo ingekuwa kweli kama chombo hicho kingekuwa kimesimama kwenye mstari wa magurudumu yale ya karibu. Lakini kiko karibu mita 0.8 ndani zaidi. Kama kamera ilikuwa mita 5 kutoka kwa gari, zidisha kwa 5.8 ugawe kwa 5, upate milimita 78.9. Umepoteza karibu milimita 11, na ndiyo maana vyombo vyako vimetoka vidogo. Picha iliyopigwa kutoka mita 20 inahitaji nyongeza ya asilimia 4 tu.

Utajuaje kamera ilikuwa umbali gani? Tafuta picha ya ubavuni iliyopigwa chini kiasi, ambapo unaona pia matairi ya upande wa pili yakigusa ardhi. Pima pikseli kati ya tairi la mbele na la nyuma upande wa karibu, kisha upande wa mbali. Kwa uhalisia umbali huo ni mmoja pande zote mbili, na kati ya pande hizo kuna takriban mita 1.6. Ikiwa karibu ni 1,206 na mbali ni 1,005, uwiano ni 1.2. Ondoa 1, inabaki 0.2, gawa 1.6 kwa 0.2, kamera ilikuwa mita 8. Sasa vitu vyote vya katikati vizidishe kwa 8.8 ugawe kwa 8, yaani ongeza asilimia 10. Picha ambayo huwezi kuifanyia hesabu hii itumie kutazama umbo tu, usiipime.

Kabla ya kupima picha iliyotolewa kwenye filamu, hakikisha gurudumu ni duara: pima kimo chake na upana wake. Filamu hii ina fremu ya 1.85 kwa 1, na nakala nyingi zimevutwa ili zijaze skrini. Gurudumu likiwa yai, kila namba utakayotoa humo ni ya uongo. Epuka pia picha ambayo gari liko pembeni mwa fremu, hasa za simu, kwa sababu lenzi pana hupinda mistari ya kando.

Kuna sababu nyingine ya picha kugongana, nayo hesabu haiitatui. Waandaaji walitumia magari kadhaa, na hayakufanana katika kila kitu. Lile lililotengenezwa kwa uangalifu zaidi lilikarabatiwa na limewekwa katika jumba la makumbusho ya magari la Petersen, Los Angeles. Jingine lilivunjwa na treni mwishoni mwa filamu ya tatu. Juu ya hayo, gari lenyewe lilibadilika kadiri hadithi ilivyoendelea. Katika filamu ya kwanza, ya 1985, mgongoni kuna mtambo wa nyuklia. Chombo cheupe cha kutupia taka kinatokea mwisho kabisa, na hicho kilitengenezwa kwa mashine ya kusaga kahawa ya Krups. Katika ya tatu, ya 1990, kuna matairi yenye mduara mweupe na kisanduku cha vifaa vya umeme juu ya boneti. Ukichukua mtambo wa nyuklia na matairi yenye mduara mweupe ukaviweka pamoja, umejenga gari ambalo halikuwahi kuwepo hata kwenye filamu. Amua filamu moja na onyesho moja, andika uamuzi huo juu ya mchoro wako, na picha nyingine zote ziweke kando.

Tuje kwenye alumini. Bamba la wachapaji ni chaguo zuri sana, na hongera kwa kulifikiria: ni jembamba, linakatika kwa kisu, na ni chuma cha kweli, jambo ambalo rangi ya fedha haiwezi kuiga. Liangalie kwanza limefura namna gani, kwa maana kuna kufura kwa aina mbili.

Malengelenge ya mviringo yanayotokea jua likiwa kali, ukibonyeza yanarudi, ni hewa ya gundi. Gundi ya fundi viatu ina thina ndani yake. Kwenye ngozi ya kiatu thina hupata pa kutokea. Wewe umeibana kati ya chuma na plastiki, na vyote viwili havipitishi hewa, kwa hiyo ikipata joto inajaa na kusukuma. Toboa kila lengelenge kwa sindano nyembamba pembeni mwake, bonyeza kwa kijiko ukielekea kwenye tundu, acha uzito juu yake usiku mzima.

Mikunjo mirefu inayotokea jioni, modeli ikishapoa, ni jambo jingine. PVC hutanuka kwa joto karibu mara tatu ya alumini. Modeli yako ya milimita 427 ikitoka nyuzi 25 za kivulini hadi 60 juani, ubao unarefuka karibu milimita 1 na alumini 0.3 tu. Wakati huohuo gundi imelainika, kwa hiyo chuma kinateleza kidogo juu ya ubao. Jioni ubao unarudi nyuma, chuma hakina pa kwenda, kinainuka. Gundi kali zaidi haitakusaidia. Ukitumia epoksi ngumu kwenye bamba moja refu, ubao wenyewe utapinda.

Dawa yake iko kwenye gari halisi. DMC-12 haina ngozi moja. Ina boneti, mabawa mawili ya mbele yanayofunika magurudumu, milango miwili inayopanda hadi darini, kipande cha katikati ya dari, na mabawa ya nyuma, vyote vya chuma kisichoshika kutu, na kati yake kuna nafasi. Wewe umeifunika modeli kwa kipande kimoja kisha pengine ukachora mistari juu. Kata ngozi yako vipande vilevile vya gari, uache nafasi ya nusu milimita kati yake. Kila kipande kikiwa kifupi, tofauti ya kutanuka inagawanyika na mianya inaimeza. Mlango wako ukiwa na urefu wa milimita 120, tofauti kwa joto lilelile haifiki 0.2.

Kwa hiyo pasha alumini moto kidogo kwa mashine ya kukausha nywele, ukiisogeza muda wote, uibandue polepole. PVC huanza kulegea ukikaribia nyuzi 65, kwa hiyo ukiona ubao unakubali kupinda, umezidisha. Mabaki ya gundi yafute kwa tapentaini, si asetoni wala thina, ambazo zitayeyusha uso wa ubao. Weka alama za mipaka ya vipande vyote, kisha pitisha rangi nyeusi isiyong'aa kwenye mistari hiyo tu, ili nafasi zionekane na kina. Kata vipande vipya kwa kutumia upande wa nyuma wa bamba, ule usio na dawa ya uchapaji. Kwaruza upande wa kubandika kwa msasa wa 240, ufute mafuta. Paka gundi nyembamba pande zote mbili na usubiri. Iko tayari ikiwa haishiki kidole, na kwa unyevu wa Kisumu dakika 10 zilizoandikwa kwenye kopo zinaweza kufika 20. Bandika ukianzia katikati ukisukuma kuelekea kingo. Nafasi ya nusu milimita utaipata kwa kuweka karatasi 5 za fotokopi zilizobanwa pamoja kati ya vipande, kisha unazivuta.

Mistari ya msasa ipigwe kabla ya kubandika, na yote ielekee upande mmoja kama unavyoiona kwenye picha ya kipande hicho. Anza na 600, malizia na 1000, ukiegemeza mkono kwenye rula na kuvuta bila kusimama katikati. Hapa wengi huharibu kwa kutumia msasa mkubwa: mkwaruzo unaoonekana vizuri kwenye modeli ni sawa na mfereji kwenye gari halisi. Ukiwa umesimama mita moja, unatakiwa uone mng'ao wa mwelekeo mmoja tu, usione mstari hata mmoja.

Bampa zote mbili, ya mbele na ya nyuma, ziondoe alumini kabisa. Kwenye gari halisi hizo ni plastiki iliyopakwa rangi ya kijivu ili ifanane na chuma, na tofauti hiyo ndogo ya rangi ndiyo mtu anayelijua gari hili huitafuta kwanza. Pulizia kati ya saa nne na saa sita mchana, kabla mawingu ya jioni hayajajikusanya upande wa ziwa. Ukipulizia hewa ikiwa nzito, thina inapokauka haraka hupoza uso, unyevu unatua juu yake na rangi inapiga ukungu mweupe. Ikishatokea, ngoja siku kavu upitishe ukungu mwembamba wa thina, nao utarudisha rangi.

Vioo visishikwe kwa supagluu. Mvuke wake huacha utando mweupe ambao hautoki. Epoksi ya mirija miwili inatosha. Nyaya za mgongoni pima kwa hesabu ile ya juu, usikadirie kwa jicho: waya wa simu wenye unene wa milimita 2 kwenye modeli ni bomba la sentimita 2 kwenye gari.

Hukuuliza kuhusu taa, lakini zipitishe nyaya kabla ya kufunga dari. LED za bluu huhitaji karibu volti 3.2 kila moja, kwa hiyo tatu kwa mfululizo ni 9.6. Ukitumia betri ya pikipiki, usipige hesabu kwa volti 12. Ikijaa huwa 12.6, na chaja ikiwa imechomekwa hufika 14.4. Weka rezista ya omu 270 kwa kila mfululizo wa tatu: utapata miliampia 11 kwa betri peke yake na 18 ikiwa inachajiwa, na LED nyingi ndogo hubeba 20.