Ajali za mwaka mmoja zisikupangie matuta

Makutano ya barabara yakishika vichwa vya habari kwa ajali Desemba, Januari kila mtu anataka matuta yawekwe papo hapo. Lakini ajali zina bahati ndani yake. Mahali palipokuwa na mwaka mbaya mno kwa kawaida hutulia mwaka unaofuata, hata usipomwaga karai moja la lami. Matuta yakiwa yamejengwa, yatapewa sifa isiyo yao.

Ili kujua makutano yapi yatangulie, kusanya ajali za miaka mitatu hadi mitano, wastani wa magari kwa siku, na sura ya barabara: leni, taa, vivuko, steji. Sehemu inayochosha ni mahali pa ajali. Ripoti ya Mombasa ikisema "karibu na Kongowea", ni mlangoni mwa soko au ni upande wa Daraja la Nyali? Ajali usiyoweza kuipatia nukta ya GPS iweke kando na uihesabu, usiibahatishe. Tuktuk na bodaboda zipe safu zao. Usihesabu magari Ramadhani pekee, maana msongamano wa kukimbilia futari si wa mwaka mzima.

Kisha jenga modeli, yaani fomula ya kutabiri ajali za kila mahali kutokana na takwimu hizo. Regresheni ya kawaida, ile ya mstari ulionyooka, haifai. Inaweza kukutabiria ajali pungufu ya sifuri. Poisson, modeli ya kuhesabu matukio, hudhani wastani na varianisi (kipimo cha mtawanyiko) ni sawa, ilhali ajali hutawanyika zaidi ya hapo. Tumia binomia hasi, modeli inayoruhusu mtawanyiko huo, ambayo pia itakupa kigezo chake, k. Idadi ya magari iingize kama logi (logarithimu), kwa kuwa magari yakizidi maradufu si lazima ajali nazo zizidi maradufu.

Sasa changanya utabiri wa modeli na rekodi ya ajali zilizotokea. Uzito wa utabiri ni 1 ÷ (1 + k × utabiri). Tuseme k ni 0.5. Makutano ya kwanza yametabiriwa ajali 6 kwa miaka mitatu, zikatokea 14. Uzito ni 0.25, kwa hiyo ajali za kutarajiwa ni 0.25 × 6 + 0.75 × 14, yaani 12. Ya pili yametabiriwa 2, zikatokea 6. Uzito ni 0.5, matarajio 4. Ukitazama uwiano, ya pili yamepita utabiri mara tatu na yanatisha zaidi. Lakini ziada yake baada ya marekebisho, yaani matarajio toa utabiri, ni 2 tu, ya kwanza ni 6. Panga foleni kwa ziada hiyo.

Ukiazima modeli ya Marekani, kumbuka haikujengwa kwa barabara zenye tuktuk. Angalau gawanya jumla ya ajali zako kwa jumla ya utabiri wake, kisha zidisha kila utabiri kwa jibu hilo. Hata hivyo, ni kiraka tu.

Malori ya Changamwe na wanaovuka kwa miguu sokoni wasiingie modeli moja, dawa zao ni tofauti. Na modeli haikuambii kwa nini: nenda ukasimame pale usiku, taa zikiwa zimezimika. Kivuko chenye sifuri ya ajali nacho kitazame vizuri, pengine watu wameshakihama na wanavukia mita 200 mbele.