Wanaoachiwa watoto ni wanafunzi wetu

Pita mitaa ya Makorora au Mabawa hapa Tanga saa kumi jioni uangalie nani kambeba mtoto. Mara nyingi ni binti mwenye sare ya shule, mdogo wake mgongoni, khanga imefungwa kifuani. Mama hajarudi kutoka soko la Mgandini, baba yuko kwenye bodaboda, na bibi macho yamepungua. Huyo binti ndiye mlezi mpaka magharibi, na hakuna aliyemfundisha kazi hiyo.

Mimi nafundisha baiolojia sekondari hapa Tanga mjini. Jumatano baada ya vipindi nina kundi la wanafunzi wanaojifunza kushika watoto: kuwaogesha, kuwalisha, kuwaepusha na hatari za nyumbani, na la kufanya mambo yakiharibika. Walimu wenzangu wameniomba niandike ninavyofanya ili nao waanze kwao.

Kwanza kabisa, wekeni chaki chini. Ukiwaandikia ubaoni dalili za mtoto aliyepaliwa, watakariri na mtihani watafaulu. Siku mdogo wake atakapopaliwa kweli, daftari litakuwa begini na yeye atabaki kupiga mayowe. Kinachosaidia saa hiyo ni mikono iliyokwisha kuifanya kazi mara nyingi hadi ikazoea.

Kwa hiyo tafuta mwanasesere, na si yule wa plastiki wa dukani, mwepesi mno. Wangu nilimshona kwa mguu wa suruali kuukuu, nikamjaza mchanga kama kilo tatu na nusu, uzito wa mtoto aliyezaliwa juzi. Shingo niliilegeza makusudi: ukimnyanyua bila kumshika kichwa, kichwa kinaanguka nyuma na darasa zima linaguna. Habari ya shingo ya mtoto mchanga huishia hapo, sina haja ya kuongeza neno.

Huyo huyo ndiye tunayejifunzia kupaliwa. Mtoto akikohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akiwa hawezi kulia, kukohoa wala kupumua, hapo unaingia kazini huku mwenzako akikimbia kuita mtu mzima. Aliye chini ya mwaka mmoja unamlaza kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini kuliko kifua, taya umelishika, unampiga mara tano kati ya mabega kwa kitako cha kiganja. Hakijatoka? Mgeuze, vidole viwili katikati ya kifua chini kidogo ya usawa wa chuchu, bonyeza mara tano. Kisha unarudia. Mkubwa zaidi ya hapo unamwinamisha, mapigo matano ya mgongo, halafu ngumi juu ya kitovu chini ya mbavu, unavuta kwa ndani na kwa juu mara tano. Kidole hakiingii mdomoni kupapasa. Unatoa kile unachokiona tu. Na wasifanyiane wao kwa wao! Vijana hupenda mzaha, na kubinywa tumbo hivyo kunaumiza mtu mzima wa afya.

Vitu vya kupalia nawatajia vya kwetu. Vitabu hutaja zabibu, na zabibu mtoto wa Mikanjuni haoni kila siku. Anachokiona ni kokwa za ubuyu, karanga, pipi, na msimu ukifika shokishoki za Muheza, zinazoteleza kooni na kokwa zake. Halafu zile betri bapa za saa na rimoti: hizo zikimezwa zinaweza kuunguza koo ndani ya muda wa saa mbili, kwa hiyo ni hospitali moja kwa moja, hakuna kusubiri itoke na choo.

Somo ninalolipenda kuliko yote ni la kuungua, na ndilo linalowachosha. Kila nyumba ina dawa yake: dawa ya meno, mafuta ya kupikia, unga wa ngano, ute wa yai. Sipotezi muda kuzicheka. Natoa ndoo ya maji ya kawaida na kata, mmoja anakinga mkono juu ya beseni, mwingine anamwagia, na saa ya ukutani inaangaliwa. Dakika 20. Mwanzoni ni vicheko. Kisha anayemwaga anabadili mkono, anageuka kuangalia saa, anauliza, "Mwalimu, bado tu?" Bado. Hapo ndipo wanapoelewa kwa nini nyumbani watu hukimbilia dawa ya meno: inapakwa mara moja ukamaliza, maji yanataka subira. Wakati huo mwili wote uliobaki unafunikwa khanga asipate baridi, na baadaye kidonda kinafunikwa kitambaa safi. Malengelenge hayapasuliwi.

Kinga yake ni rahisi kuliko tiba. Beseni la kuogea huanza maji ya baridi, ndipo ya moto yaongezwe, na kiwiko kinaonja kabla ya mtoto. Chupa ya chai haikai juu ya mkeka. Jiko la mkaa halipuliziwi mtoto akiwa mgongoni, wala haliingizwi chumbani kupasha joto usiku, maana moshi wake usioonekana unaua waliolala.

Mafuta ya taa nayasema kwa ufupi: yasikae kwenye chupa ya soda. Mtoto akiyanywa, asitapishwe wala asinyweshwe maziwa, kwa sababu akitapika yanaweza kuingia mapafuni. Anapelekwa hospitali na chupa yenyewe. Degedege nalo hivyo hivyo: mlaze ubavu, sogeza vitu vya kumwumiza, usimtie kijiko mdomoni, usimfukize, kisha hospitali ya Bombo au kituo cha afya kilicho karibu.

Wavulana wasiachwe nje kucheza mpira. Wa kwangu walianza kwa kejeli, lakini Jumapili ndio wanaokwenda na wadogo zao ufukweni Raskazone, kwa hiyo somo la maji ni lao hasa. Mtoto mdogo hazami kwa kelele kama watu wanavyodhani. Anatulia tu, na hata ndoo yenye maji kidogo inamtosha. Asiyejua kuogelea awe mahali unapoweza kumfikia kwa mkono. Akishapelekwa mbali, usijitose kama huna nguvu za kuogelea naye. Rusha kamba, au dumu tupu lililofungwa kifuniko, huku ukiita watu.

Sasa kuna sehemu ambayo mwalimu mwingi atairuka, nami nasema isirukwe: kumfundisha mwanafunzi kuuliza na kukataa. Tunaigiza. Mmoja ni mama mwenye haraka, kikapu mkononi. Mwingine anamwambia, "Mama, kabla hujatoka: amekula saa ngapi, kuna dawa ameshapewa, na jirani nani yupo?" Anayeigiza mama kwa kawaida huja juu: "Loh! Leo unanihoji?" Anatakiwa ajibu kwa adabu na asirudi nyuma. Na mtoto akiwa na homa kali au anatapika mfululizo, aweze kusema, "Mama, huyu sibaki naye peke yangu." Kwa malezi yetu ya pwani si rahisi mtoto kumwambia mkubwa hivyo, ndiyo maana tunayafanyia mazoezi. Hapo pia nawapa namba 116 ya msaada kwa watoto, inayopigwa bure, kwa ajili ya mtoto wanayemlea na kwa ajili yao wenyewe. Nao ni watoto, wasisahau hilo.

Wazazi watauliza. Mmoja alinijia akiwa amekunja uso: "Mwalimu, binti yangu nimemleta asome, sikumleta afundishwe uyaya." Nilimwuliza jioni ile nani kabaki na mdogo wao. Akacheka, tukaongea. Hofu yake naielewa, kwani mabinti wengi wa vijijini huishia kazi za ndani wakiwa wadogo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka umri wa chini wa kuajiriwa kuwa miaka 14, na hata baada ya hapo kazi isimharibie mtoto afya wala masomo. Sheria hiyo nayo naifundisha, ili anayepelekwa kufanya kazi kwa watu ajue haki yake.

Kumfufua mtoto asiyepumua usifundishe mwenyewe kwa kubahatisha. Omba muuguzi wa kituo cha afya, au watu wa Msalaba Mwekundu, waje siku hiyo. Epuka wiki za mitihani, na Ijumaa iache. Mkuu wa shule akikuuliza bajeti, mwambie ni ndoo, kata, beseni, khanga kuukuu na mchanga.