Je, Afrika Kusini ilikosea kubomoa mabomu yake?

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Afrika Kusini ilikuwa na mabomu sita ya nyuklia ikayabomoa yenyewe. Ukraine nayo iliyaachia ya kwake, na leo inashambuliwa. Korea Kaskazini imeyang'ang'ania, na hakuna anayeigusa. Nchi yenye bomu inapata faida gani hasa, na hasara ni zipi? Na sisi wenye urani Namtumbo tunaruhusiwa nini? (Msomaji, Songea)

JIBU: Marahaba. Faida ya bomu ni moja: adui anasita kukuvamia kwa nia ya kukuangusha kabisa, maana anajua miji yake italipa. Faida hiyo ipo, ila ni finyu kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1982 Argentina iliteka visiwa vya Falkland vilivyo chini ya Uingereza, nchi yenye bomu tangu 1952. India na Pakistan zilifanya majaribio ya nyuklia Mei 1998, na mwaka uliofuata zikapigana Kargil, milimani Kashmir. Ugomvi ukiwa wa kisiwa au kilele cha mlima, hakuna anayeamini kwamba utateketeza mji kwa ajili yake.

Hata faida hiyo finyu ina gharama. Lazima silaha zako zinusurike pigo la kwanza la adui. Uingereza inahudumia nyambizi nne ili walau moja iwe baharini kila siku ya mwaka, kwa kuwa nyingine huwa kwenye matengenezo au mazoezi. Mwenye mabomu machache kwenye ghala linalojulikana anamshawishi adui awahi kulipiga.

Sasa Afrika Kusini. Waziri Mkuu Vorster aliidhinisha mpango mwaka 1974, na urani ikarutubishwa (yaani ikaongezewa kiwango cha urani-235, aina inayotoa nishati) Pelindaba, karibu na Pretoria. Agosti 1977 setilaiti ya Wasovieti iliona maandalizi ya jaribio huko Vastrap, jangwani Kalahari. Moscow ikaiambia Washington, shinikizo likaja, na jaribio likafutwa. Baadaye yalikamilishwa mabomu sita, la saba likiwa bado linaundwa.

Mabomu hayo hayakukusudiwa kurushwa vitani. Majeshi ya Kuba yaliyokuwa Angola, yakisaidiwa na Wasovieti, yangesonga kusini, Pretoria ingeinong'oneza kwanza Washington kwamba inayo silaha; isiposikilizwa, ingelipua moja hadharani, ili nchi za Magharibi ziogope na kuingilia kati. Na tuseme ukweli, hatari kubwa kwa utawala ule wa ubaguzi ilikuwa maandamano ya Soweto, migomo ya viwandani na vikwazo vya uchumi. Bomu ungemtupia nani hapo?

Desemba 1988 yalitiwa saini makubaliano ya kuwaondoa Wakuba Angola, na Machi 1990 Namibia ikawa huru. Sababu ya bomu ikaisha, hasara zikabaki: tangu miaka ya 1970 Marekani ilikuwa imekata mafuta ya nyuklia ya kinu cha utafiti cha SAFARI-1 na kuzuia yale ya kituo cha umeme cha Koeberg. Rais De Klerk akaamuru mabomu yabomolewe, nchi ikajiunga na mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia (NPT) tarehe 10 Julai 1991, na bunge likaelezwa Machi 1993. Wapo wanaosema hakutaka pia yaangukie mikononi mwa ANC, na sioni sababu ya kuwabishia.

Kazi ngumu ilikuwa kuthibitisha. Wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA) walipaswa kulinganisha urani iliyoingia kiwandani, iliyotoka imerutubishwa na iliyobaki kama makapi. Nyaraka za usanifu wa bomu zilikuwa zimeharibiwa, lakini kumbukumbu za kila siku za kiwanda zilikuwepo, na ndizo zilizosaidia hesabu kukubalika. Mashimo yaliyochimbwa Vastrap kwa ajili ya jaribio yalijazwa zege. Urani yenyewe hukuweza kuitupa: sehemu yake ilibaki Pelindaba, na Novemba 2007 watu wenye silaha walivunja na kuingia katika eneo hilo.

Ukraine ni habari nyingine. Ilirithi kutoka Umoja wa Kisovieti vichwa vya nyuklia vya masafa marefu karibu 1,900, lakini misimbo ya kuvirusha ilikuwa Moscow, na viwanda vya kuvihudumia vilikuwa Urusi. Matunzo hayo hayaepukiki: tritiamu, gesi inayoongeza nguvu ya mlipuko, hupungua nusu kila baada ya miaka 12 hivi. Kilichoiponza zaidi ni hati ya Budapest ya Desemba 1994, ambamo Urusi, Marekani na Uingereza ziliahidi kuheshimu mipaka yake. Haikumlazimisha yeyote kupeleka askari. Njia iliyotajwa ni kwenda Baraza la Usalama, ambako Urusi ina kura ya turufu.

Korea Kaskazini haikuguswa kwa miongo mingi kabla ya jaribio lake la 2006, kwa sababu mizinga yake inaifikia Seoul. Bomu liliiongezea kinga, na pia vikwazo vya Umoja wa Mataifa.

Kuhusu Namtumbo: urani ya ardhini ina takriban asilimia 0.7 tu ya urani-235. Vinu vingi vya umeme hutaka asilimia 3 hadi 5, silaha hutaka 90 hivi. NPT inaruhusu kuchimba, kuuza, kuzalisha umeme na kutibu wagonjwa, mradi IAEA ikague. Mkataba wa Pelindaba, unaoifanya Afrika eneo lisilo na silaha za nyuklia, ulioanza kutumika Julai 2009 na ambao Tanzania imeuridhia, ni mkali zaidi: unakataza hata utafiti wa kutengeneza bomu.